Rufaa ya mwisho imetupwa. Je, mapitio yatamtoa kaka yangu gerezani?

Swali: Shikamoo wakili. Kaka yangu alihukumiwa na mahakama ya wilaya kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mlalamikaji alisema alimtambua usiku kwa mwanga wa tochi. Mahakama Kuu ilitupa rufaa yake, na miezi 14 iliyopita Mahakama ya Rufani nayo ikatupa ya pili. Sasa jirani yetu aliyekuwa shahidi wa upande wa mashtaka amekuja nyumbani, akalia mbele ya mama, akasema aliyoyasema mahakamani hakuyaona kwa macho yake. Wakili mmoja anatuambia tufungue "marejeo" Mahakama ya Rufani na kaka atatoka ndani ya miezi mitatu. Fedha anazotaka hatuwezi kuzipata bila kuuza shamba la mama. Tena tumesikia watakaosikiliza ni majaji walewale waliotupa rufaa. Hiyo si kesi ya nyani kumpelekea ngedere? Tufanye nini?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Kabla ya lolote, shamba la mama lisiuzwe wiki hii wala mwezi huu. Soma kwanza hadi mwisho, kisha kaeni kama familia mzungumze.

Nianze na lililo gumu. Kwa maelezo uliyonipa, sehemu kubwa ya malalamiko yenu haiingii kwenye mapitio, ambalo ndilo jina sahihi la hayo "marejeo" mliyoambiwa. Sisemi ni ya uongo. Inawezekana kabisa kaka yako hakuwapo usiku ule. Lakini mapitio hayaulizi kama alikuwapo au hakuwapo. Rufaa ndiyo iliyouliza kama mahakama ya chini ilikosea katika sheria au katika kupima ushahidi, na ikajibiwa mara mbili. Katika mapitio, Mahakama ya Rufani inaisoma hukumu yake yenyewe na kujiuliza jambo dogo zaidi: je, hapa tulipitiwa na kitu ambacho yeyote akionyeshwa atakiri palepale kwamba tulipitiwa? Watu wengi gerezani na wengi walio nje hawaioni tofauti hiyo mpaka siku maombi yao yanapotupwa.

Tunyooshe majina kidogo, maana yamekwisha kuwapotosha. Magazetini na mitaani neno marejeo hutumika kwa kila kitu kinachokuja baada ya hukumu. Mahakamani, marejeo ni pale mahakama ya juu inapoita jalada la mahakama iliyo chini yake na kukagua uhalali wa kilichofanyika humo. Mapitio ni mahakama kuupitia uamuzi wake yenyewe. Kuna na jambo la tatu lenye jina linalokaribiana, yaani mapitio ya kimahakama dhidi ya maamuzi ya viongozi na taasisi za umma, ambayo hufunguliwa Mahakama Kuu kwa kibali na hayahusiani na hukumu ya jinai ya kaka yako hata kidogo. Ninyi mnachozungumzia ni mapitio. Wakili anayekuuzia "marejeo" dhidi ya hukumu ya Mahakama ya Rufani muulize anamaanisha nini, kwa sababu juu ya Mahakama ya Rufani hapa Tanzania hakuna mahakama nyingine ya kuita jalada.

Hapo ndipo ugumu wote unapoanzia. Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya ile ya Afrika Mashariki kuvunjika pamoja na Jumuiya, ndiyo kituo cha mwisho. Kama kila anayeshindwa angeruhusiwa kurudi na kusema "hebu tazameni tena", kusingekuwa na siku shauri linakwisha. Mfungwa angerudi, na Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, nayo ingerudi dhidi ya kila aliyeachiwa huru. Watu hulisahau hilo la pili. Mtu aliyeshinda rufaa yake mwaka juzi na kuanza maisha upya analindwa na ufinyu uleule unaomwumiza kaka yako leo. Na yule aliyeporwa naye ana haki ya kujua kwamba hatoitwa tena na tena kusimulia usiku ule.

Kanuni inayotawala ni ya 66 katika Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009. Inasema Mahakama haitasikiliza maombi ya mapitio isipokuwa kwa sababu tano tu: uamuzi umejengwa juu ya kosa la dhahiri kwenye kumbukumbu na kosa hilo likasababisha haki kupotea, mtu alinyimwa isivyo halali nafasi ya kusikilizwa, uamuzi wenyewe ni batili, mahakama haikuwa na mamlaka ya kusikiliza shauri, au hukumu ilipatikana kwa njia haramu, kwa udanganyifu au kwa ushahidi wa uongo. Sababu ya sita haipo. Huruma haimo humo, ugonjwa wa mama haumo, wala miaka ambayo kaka amekwisha kuitumikia.

Sababu ya kwanza ndiyo inayotajwa katika karibu kila maombi niliyowahi kuyasoma, na ndiyo inayoangusha wengi. Katika uamuzi wa mwaka 2004 ambao mawakili hatuachi kuunukuu, shauri la Chandrakant Joshubhai Patel dhidi ya Jamhuri, Mahakama ilieleza kosa la dhahiri ni lipi: ni lile ambalo hata mtu anayesoma huku anakimbia ataliona. Kosa linalohitaji mlolongo mrefu wa hoja kulithibitisha, au ambalo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kutofautiana juu yake, halimo. Katika uamuzi huohuo Mahakama ilikiri kwamba hakuna hukumu isiyo na dosari, na kwamba kosa la namna yoyote laweza kumpeleka mtu kwenye rufaa, ila si kila kosa litakalompeleka kwenye mapitio.

Sasa chukua hoja ya tochi. Sheria yetu ya utambuzi wa usiku ni kali, na ni vizuri ilivyo kali. Tangu uamuzi wa mwaka 1980 katika shauri la mtu aitwaye Waziri Amani, mahakama zinatakiwa kuuliza mwanga ulitoka wapi na ulikuwa na nguvu gani, shahidi alikuwa umbali gani na mshtakiwa, alimtazama kwa muda gani, alimfahamu kabla au hapana. Ushahidi wa kutambua kwa macho ni dhaifu, na usipozibwa kila upenyo wa kukosea, haufai kumfunga mtu. Hiyo ni hoja nzito ya rufaa. Lakini ikiwa majaji walisoma ushahidi wa tochi, wakauzungumzia katika hukumu, wakasema wanaridhika kwamba mwanga ulitosha, basi huwezi kurudi na kusema haukutosha. Mimi na wewe tunaweza kukesha tukibishana kuhusu mwanga wa tochi, na kwa kuwa tunaweza kubishana, hilo si kosa la dhahiri. Mahakama imelisema hilo mara nyingi: kuomba ushahidi upimwe upya kwa njia ya mapitio ni kukata rufaa kwa mlango wa nyuma.

Nilipokuwa kijana katika kazi hii niliandika maombi ya namna hiyo kwa niaba ya mzee mmoja. Kurasa nyingi, nikichambua shahidi kwa shahidi, nikiamini kila neno. Tulipofika mbele ya majaji, mmoja wao aliniuliza kwa upole nimwonyeshe ukurasa ambamo Mahakama ilijikwaa. Sikuwa nao. Nilikuwa na kurasa ambazo mashahidi walijikwaa, na hizo zilikwisha kusomwa. Mzee yule aliniangalia usoni tulipotoka, na tangu siku ile sijawahi kufungua mapitio bila kwanza kujiuliza swali la yule jaji.

Kosa la dhahiri lina sura gani, basi? Tuseme hukumu inasema mrufani hakuwasilisha notisi ya rufaa na kwa hiyo rufaa inaondolewa, kumbe notisi imo kwenye jalada, imegongwa muhuri, ukurasa fulani. Au hukumu inathibitisha adhabu kwa kosa ambalo mrufani hakuwahi kushtakiwa nalo. Au Mahakama imetumia kifungu cha sheria kama kilivyorekebishwa, wakati tarehe ya tukio inaonyesha marekebisho hayakuwa yameanza kutumika. Au hukumu inanukuu maneno ya shahidi wa tatu kuwa alimtaja mshtakiwa, na ukifungua ushahidi wa shahidi wa tatu jina hilo halipo kabisa, na hukumu nzima imesimama juu ya maneno hayo. Yote hayo unayaonyesha kwa kidole bila kubishana. Na hata ukishaonyesha, kazi haijaisha. Kanuni inadai pia kwamba kosa hilo lilisababisha haki kupotea. Jina la kijiji likikosewa katika hukumu, kosa ni la dhahiri lakini halikumfunga mtu.

Wafungwa wengi huniuliza: je, kama Mahakama haikugusa sababu yangu ya tano ya rufaa? Hapa twende taratibu. Majaji hawalazimiki kuzijibu sababu za rufaa moja baada ya nyingine. Wanaruhusiwa kuziunganisha, na ikiwa moja inatosha kuamua shauri, wanaweza kuishia hapo. Kwa hiyo kutotajwa kwa sababu ya tano peke yake si tiketi. Lakini kama sababu hiyo ilikuwa ya kisheria, iliandikwa, ikazungumzwa siku ya kusikilizwa, haikumezwa na jibu la sababu nyingine, na ingeweza kugeuza matokeo, hapo kuna cha kufanyia kazi. Wakili makini ataisoma hukumu kwa jicho hilo kabla ya kugusa fedha yako.

Sababu ya pili, ya kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, inatokana na haki iliyomo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba. Inawahusu watu ambao rufaa zao ziliamuliwa bila wao kuitwa, au ambao Mahakama iliibua hoja yenyewe ikaiamua bila kuwauliza pande zote mbili wana lipi la kusema. Haimhusu mtu aliyesikilizwa lakini hakuaminiwa. Ni rahisi kuyachanganya haya, hasa kwa mfungwa aliyesimama mwenyewe bila wakili, akapewa nafasi ya kuongeza maneno, akasema "naiachia Mahakama," kisha mwaka mmoja baadaye akahisi hakupata kusema kitu. Moyo wangu unamwelewa. Sheria itasema alipewa nafasi. Kwa maoni yangu, tatizo hapo linaanzia mapema sana, kwa mtu kufika kituo cha mwisho cha haki akiwa hajui kuwa ndicho cha mwisho. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilikusudiwa kuliziba pengo hilo, nami natamani ifike kwa kila gereza kabla ya rufaa, kwa sababu baada ya rufaa msaada hauna pa kushika.

Ubatili na kukosa mamlaka sitavichambua kwa urefu, maana katika maelezo yako sioni dalili yake. Kwa kifupi ni kama rufaa kusikilizwa na akidi isiyo kamili ya majaji, au shauri kuamuliwa na mahakama isiyoruhusiwa kisheria kuliamua.

Tumfikie jirani yenu. Najua hapa ndipo matumaini ya mama yalipolala.

Sababu ya tano katika Kanuni ya 66 inataja ushahidi wa uongo, na kwa mtu asiye mwanasheria inaonekana mlango umefunguka wazi. Angalieni vizuri maneno yake: hukumu iwe ilipatikana kwa ushahidi huo. Maana yake kuna mambo mawili ya kuthibitisha, na yote ni mazito. La kwanza, kwamba shahidi alisema uongo akijua ni uongo. Kukosea si uongo, na mashahidi wawili kupishana si uongo pia. La pili, kwamba hukumu ilisimama juu ya uongo huo, kiasi kwamba ukiutoa inaanguka. Kama mlalamikaji mwenyewe ndiye aliyemtambua kaka yako na jirani aliongezea tu kwamba aliwaona watu wakikimbia, Jamhuri itasema hukumu ingesimama hata bila jirani, nayo itakuwa na hoja.

Halafu kuna namna ya kuthibitisha. Machozi sebuleni hayafiki mahakamani. Kitakachofika ni hati ya kiapo ya jirani mwenyewe, inayoeleza alisema nini, nini hakikuwa kweli, na kwa nini aliyasema. Hapo anajua anakiri kosa la jinai, kwa kuwa ushahidi wa uongo chini ya kiapo una kifungo chake. Wengi wakifika hapo hurudi nyuma. Na mahakama, kwa uzoefu wa miaka mingi, humtazama kwa wasiwasi shahidi anayegeuka miaka baadaye, kwa sababu haijui ni kiapo kipi cha kuamini: cha siku ile au cha leo. Nakuomba sana, mtu yeyote wa familia asimpe jirani huyo hata nauli, asimtishe, asimwandikie maneno ya kusema. Mkifanya hivyo mtakuwa mmeua ukweli wake hata kama ni ukweli, na mtajiingiza wenyewe matatani. Mwacheni atafute wakili wake, tofauti na wenu, amshauri kabla hajatia saini chochote.

Je, kama si suala la uongo bali mmepata ushahidi mpya kabisa, mtu mwingine aliyeona? Hilo halimo katika sababu tano. Ushahidi wa nyongeza una nafasi yake wakati rufaa ikiwa hai, kwa ruhusa ya Mahakama. Rufaa ikishakufa, Kanuni ya 66 haina mlango huo. Hapa nasema la kwangu, na nalisema kwa uchungu: nadhani sheria yetu ina upungufu. Majirani zetu Kenya waliliweka katika Katiba yao ya mwaka 2010, Ibara ya 50(6), kwamba mtu aliyetiwa hatiani na ambaye rufaa yake imetupwa na mahakama ya juu kabisa aliyokuwa na haki ya kuifikia, au muda wake wa kukata rufaa umepita, anaweza kuiomba Mahakama Kuu kesi isikilizwe upya endapo umepatikana ushahidi mpya wenye nguvu. Uingereza tangu mwaka 1997 ina tume maalumu inayochunguza hukumu zinazodhaniwa kuwa na makosa na kuzirudisha mahakamani. Mapitio yetu yabaki finyu kama yalivyo, nakubali, kwa sababu nilizokwisha kueleza. Ila pembeni yake panahitajika mlango mwingine kwa mtu ambaye ukweli wake umechelewa kufika. Mpaka Bunge liutengeneze, sitakudanganya kwamba upo.

Kuhusu nyani na ngedere. Ulichosikia ni kweli. Kanuni inataka mapitio, kadiri inavyowezekana, yasikilizwe na majaji walewale. Naelewa inavyochoma. Lakini rudi kwenye swali ambalo mapitio yanauliza. Majaji hao hawaombwi kuamua upya nani alikuwa na tochi; wanaombwa kutazama ukurasa na kusema kama walipitiwa. Aliyeandika hukumu ndiye anayejua haraka kuliko yeyote kama neno fulani aliliandika kwa kukusudia au lilimponyoka. Na kama wangekaa majaji wapya, kishawishi cha kulipima shauri upya kwa macho yao kingekuwa kikubwa zaidi, na mapitio yangegeuka rufaa ya tatu. Maombi yakikubaliwa, Mahakama inaweza kulisikiliza shauri upya, kuibadili hukumu au kuitengua. Kwa hiyo mlango si wa kuchorwa ukutani. Ni mwembamba tu, na wanaopita ni wachache.

Sasa muda, ambalo kwa kaka yako ni jambo la haraka. Maombi ya mapitio yanatakiwa kufunguliwa ndani ya siku 60 tangu tarehe ya hukumu. Ninyi mmefika miezi 14. Hata mkiwa na kosa la dhahiri linalong'aa, hamuwezi kwenda moja kwa moja. Kwanza mnaomba kuongezewa muda chini ya Kanuni ya 10, kwa notisi ya maombi na hati ya kiapo, mbele ya jaji mmoja. Mtatakiwa kueleza kwa nini mmechelewa, na maelezo yagawanywe kwa vipindi: hukumu ilisomwa lini, nakala ilimfikia lini, aliomba lini kuandikiwa, alihamishwa gereza lini. Mfungwa hayuko huru kutembea na karatasi zake, na majaji wanalijua hilo, lakini "nilikuwa gerezani" peke yake haijawahi kuwa jibu kamili. Barua ya mkuu wa gereza inayothibitisha tarehe hizo ina uzito kuliko kurasa kumi za kulalamika.

Na kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Katika maombi ya kuongezewa muda ili kufungua mapitio, sababu nzuri ya kuchelewa haitoshi. Mahakama imeshikilia kwamba mwombaji aonyeshe pia, katika hatua hiyohiyo, kwamba mapitio anayotaka kuyafungua yanaegemea sababu mojawapo kati ya zile tano. Hatakiwi kuithibitisha, ila ionekane ipo. Asipoitaja, muda hauongezwi hata kama alikuwa mahututi kitandani. Jaji mmoja akikataa, kuna siku saba za kwenda mbele ya majaji watatu.

Umeona kwa nini ahadi ya miezi mitatu inanitia shaka? Kuna maombi ya muda kwanza, kisha mapitio yenyewe, na vyote vinasubiri kupangiwa vikao.

Kuna hatari nyingine, kwangu kubwa kuliko ya fedha. Mapitio ni mara moja. Yakishaamuliwa, hakuna mapitio ya mapitio katika shauri hilo. Gerezani kuna wafungwa wenye moyo mwema wanaowaandikia wenzao, na maombi mengi yanayotoka humo ni rufaa ileile iliyobadilishwa kichwa: sababu zilezile nane, tochi, gwaride la utambulisho, shahidi asiyeitwa. Yakifika mbele ya majaji yanatupwa, na pamoja nayo inaondoka nafasi pekee aliyokuwa nayo mtu huyo, ambayo pengine ilikuwa na hoja moja ya kweli iliyofunikwa na saba zisizofaa. Maombi yakiondolewa kwa kasoro ya kiufundi bila kuamuliwa, mtu anaweza kurekebisha na kurudi, akijali muda. Yakisikilizwa na kutupwa, basi. Mwambie kaka asitie saini chochote kwa sasa.

Kwa huyo wakili anayesubiri fedha, una haki ya kumwuliza mambo mawili kabla hujampa hata shilingi. Anategemea aya ipi ya Kanuni ya 66(1), na kosa analolisema liko ukurasa wa ngapi wa hukumu? Kama amesoma hukumu, atajibu ukiwa umekaa hapohapo. Kama anazungumzia jinsi mlalamikaji alivyojichanganya, ujue hajaisoma, au ameisoma akiwa na macho ya rufaa.

Nje ya mahakama, Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe, kupunguza adhabu au kuibadili. Watu wanakumbuka shauri la mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe: walikuwa na kifungo cha maisha kwa makosa mazito dhidi ya watoto, mapitio yao yalitupwa mwaka 2013, na waliotoka Desemba 2017 walitoka kwa msamaha wa Rais. Msamaha haufuti hatia, na hakuna anayeweza kuudai kama haki. Lakini ombi linaweza kuandikwa, halina ada, na ndani yake unaruhusiwa kusema yale yote ambayo Kanuni ya 66 haiyataki, pamoja na habari za jirani, mwenendo wa kaka gerezani na hali ya mama.

Mtasikia pia habari za Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Ni kweli iliwahi kuwasikiliza wafungwa wetu wengi, na katika uamuzi wake wa tarehe 20 Novemba 2015 ilisema mapitio ya Mahakama ya Rufani ni nafuu isiyo ya kawaida, kwa hiyo mtu hakulazimika kuyapitia kwanza ndipo aende kwake. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri huko moja kwa moja, na kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 mlango huo ukafungwa kwa maombi mapya. Atakayewaambia atampeleka kaka yenu Arusha kwa njia hiyo, mwacheni aende peke yake.

Kazi ya wiki hii haina gharama kubwa. Tafuta nakala kamili ya hukumu ya Mahakama ya Rufani. Nyingi zimewekwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya TanzLII, unatafuta kwa jina la kaka na namba ya rufaa. Kaka naye awe na hati ya rufaa aliyoiwasilisha na kitabu cha kumbukumbu za rufaa. Kama hukumu imeandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyo nyingi, mtafute wa kumsomea neno kwa neno kwa Kiswahili, kwa sababu nimekutana na wanaume waliokaa ndani miaka kadhaa bila kujua hukumu yao inasema nini hasa. Kisha wekeni hati ya rufaa na hukumu pamoja mezani, mfuate kila sababu muone imejibiwa wapi, na kila mahali hukumu inapomnukuu shahidi, fungueni ushahidi wa shahidi huyo muone kama alisema hivyo. Andikeni namba za kurasa tu, bila maoni. Kama mwisho wa kazi hiyo karatasi yenu ina hata namba moja, nitumieni pamoja na hukumu, nitaisoma bila malipo na kukwambia kama ni kitu. Kama haina hata moja, shamba libaki kwa mama, na nguvu zenu zihamie kwenye ombi la msamaha, huku jirani akiachwa atafute wakili wake mwenyewe.